Mkutano wa Kobe na Nyoka Tulioitisha Lodwar

Dada yangu Nyandeng,

Nakuandikia ingawa sijui barua hii nitaituma wapi. Tangu mapigano yaanze huko kwenu simu yako haipatikani. Kila anayeingia Kakuma kutoka upande wa Bor namuuliza habari zako. Wengi wananitazama tu.

Unakumbuka siku tuliyojuana? Ofisi yetu ya wanyamapori Lodwar ilikuwa imenituma Kakuma, mimi Mluhya mgeni ambaye hata kuitikia "ejok", salamu ya Waturkana, nilikuwa naona haya. Nilikukuta nje ya kibanda chako cha chai katika kambi ya wakimbizi, umemfunika kobe kwa karai, unawafokea wanaume watatu waliotaka kumponda kwa mawe. "Amewakosea nini?" uliwauliza kwa Kiswahili, kisha ukarudia kwa Kiarabu cha Juba wasisingizie hawakuelewa. Nilicheka, nikajua nimepata mwenzangu.

Mwaka ule wa 2012 tulizunguka pamoja kwenye pikapu ya ofisi, tukiwasihi watu waache kuwamaliza kobe, kenge, vyura na nyoka. Mimi nilikuwa na mabango yangu, wewe na chupa yako ya chai, na watu walikuja kwa sababu ya chai. Hatimaye tukawakusanya Lodwar, kwenye ukumbi wa kanisa. Wa Kapedo walipiga simu kusema barabarani kuna risasi. Wakulima wa Katilu walilalamika kuhusu mamba mpaka nikakata tamaa. Ndipo Mama Akiru, yule mfugaji wa Lorugum, akasimama.

"Nyinyi mnataka tuokoe nyoka," alisema. "Na sisi, nani ataokoa?"

Mimi nilianza kupekua karatasi zangu. Wewe uliinuka.

"Mama anasema ukweli. Dawa ya sumu ya nyoka ikiletwa Lorugum, mama, utaacha kuua kila kitu inatambaa?"

Alifikiri kidogo. "Dawa ikikuja, nitaacha."

Mgeni wetu kutoka Nairobi, aliyeshika fedha za mradi, akaahidi mbele ya wote kwamba dawa itafika kabla ya mvua. Watu walipiga makofi. Mama Akiru akawa wa kwanza kujiunga na kikundi chetu. Jioni, tukila samaki, uliniambia, "Leo wameniuliza maoni. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho." Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Mvua ilikuja. Dawa haikuja. Nawe ukafunga kibanda, ukasema nchi yenu imepata uhuru, sasa ni yenu, lazima ukajenge. Nilikusindikiza nikitabasamu, nikarudi ofisini nikajifungia nikalia.

Hukuyajua yaliyofuata, kwa maana kwenye simu nilikuficha. Akiru mwenyewe, binti wa yule mama, aliumwa akiokota kuni. Ni yule nyoka mdogo wa mchangani anayesugua magamba yake kabla ya kuuma. Walimpakia kwenye pikipiki kuja Lodwar, akafia njiani, kichwa chake kikiwa kifuani mwa mamake. Baada ya mazishi watu wa Lorugum walichoma vichaka vyote kando ya lagga, ule mto mkavu. Nilienda nikakuta magamba ya kobe yamepasuka kwa moto. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kuwazika hao pia. Mradi nao ukafungwa, na mgeni wetu hapokei simu.

Wiki jana niliitisha mkutano tena. Usiniulize kwa nini. Nilipanga viti ukumbini, nikachemsha chai, lakini chai yangu haina mkono wako. Alikuja mtu mmoja tu, Mama Akiru. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliketi mbele kabisa, akakunja mikono.

"Wengine wako wapi?" aliuliza.

"Hawaji, mama."

"Na yule dada wa chai?"

"Sijui aliko."

Nikammiminia chai, hakuigusa.

"Dawa ilikuja?"

"Bado, mama."

Alitikisa kichwa, akainuka, akajifunga shuka yake vizuri. Mlangoni aligeuka akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Nilikuwa nataka kujua tu," alisema. "Niko na mtoto mwingine, anaokota kuni."

Nyandeng, kama uko hai, usirudi kwa ajili ya kazi hii. Rudi tu.

Mimi dada yako,
wa Lodwar