Memori ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbovu toka asubuhi. Maabara ya hospitali wanapiga simu mfululizo — majibu ya vipimo hayafunguki, skrini imeganda. Fundi wa maabara kanifokea, eti sisi wa chumba cha mitambo tunalala. Nilale wapi, kwenye baridi hii ya AC!

Mtambo ni mmoja. Ndani yake mashine pepe, kompyuta zisizo na umbo, chungu nzima, kila idara na yake, zote zinagombania memori ileile. Ya maabara nimeizima, nikaiwasha. Wapi! Muda si mrefu inajikokota tena.

Bosi mpya kapita na tabasamu lake: Ijumaa maabara isipokaa sawa, nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Kasema taratibu, kama anaagiza chai.

Jumanne, 5 Machi

Nimesimamisha kazi zote za pembeni. Hakuna nafuu. Mtambo unashinda kutwa ukitupa data za maabara kwenye diski na kuzirudisha, kwa kuwa memori haitoshi. Sasa imekwenda wapi? Nikakagua mashine moja moja — imepewa kiasi gani, inatumia kiasi gani.

Nimempata! Uhasibu. Wametengewa fungu nono, asiliguse mwingine, na wanatumia kidogo tu. Lililobaki limekaa bure.

Na mkuu wa uhasibu ni nani? Shemeji yangu. Kaka wa mume wangu. Kati ya watu wote, jamani!

Jumatano, 6 Machi

Bosi wa zamani alikuwa anakata nusu kila ombi, kwa hiyo idara zote zilizoea kuomba mara mbili. Huyu mpya hajui. Shemeji kaomba mara mbili kama kawaida, kapewa yote!

Nimemfuata ofisini kwake, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba aachie nusu. Hata kuniangalia! Eti akirudisha leo, siku akihitaji ataomba kwa nani? Nikamwambia haitumii. Itumike isitumike, eti ni yake. Halafu, "Shemeji, nyumbani tunaheshimiana, usinivunjie heshima kazini." Heshima! Wagonjwa wanasubiri majibu, yeye anataka heshima.

Nikaenda kwa bosi. Neno lake moja lingetosha. Kacheka. "Si ni ndugu nyie? Kayamalizeni nyumbani." Nilitamani kumrushia kibodi.

Alhamisi, 7 Machi

Yamefika nyumbani kweli. Shemeji kampigia mdogo wake, yaani mume wangu, kalalamika kwamba namdhalilisha. Nikamweleza mume wangu kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Anasema yule ni mkubwa wake, nimwache tu.

Na kazi yangu?

Anachokoa meno. Nimeuchukia ukoo mzima leo. Na chakula nimempakulia vilevile, mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Maabara imeganda kabisa. Fundi wao kaja mwenyewe, hafoki tena. Kuna mtoto wodini, daktari anasubiri jibu la damu. Nikampigia bosi — yuko kikaoni. Nikampigia shemeji — kakata.

Basi. Kuwapunguzia uhasibu lazima mashine yao izimwe kwanza. Uwezo ninao, idhini sina. Nao wako katikati ya kufunga hesabu za mwezi.

Nimezima.

Nimewaachia wanachotumia na ziada kidogo, nikawasha upya. Maabara ikaanza kutembea palepale. Fundi kapiga simu, majibu yanatoka, la mtoto limeshakwenda kwa daktari. Asante hakusema.

Sasa shemeji yuko mlangoni. Hapigi hodi, anapiga ngumi. Hesabu zao zimekatikia njiani, lazima waanze upya. Bosi yuko naye, sauti ya taratibu imekwisha — anasema nitoe kadi ya mlango, nikabidhi kazi. Kumbe kikao kimeisha!

Nimefunga kwa ndani. Sijutii hata chembe.

Simu inaita. Mume wangu. Imekatika — inaita tena. Akianza na habari za kaka yake kabla hajaniuliza mimi nikoje, leo sirudi nyumbani kwake. Napokea —