Aliyeniita Kaka Stockholm

Stockholm, Juni

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanangu wote. Mimi mzima, ila natembea kama niliye ndotoni. Jua la huku halina haraka ya kuzama. Linateleza juu ya maji taratibu, na majumba ya kale yaliyojipanga ufukweni yana rangi ya maandazi.

Mkutanoni hakuna anayelijua jina langu. Naitwa Tanzania, kwa kuwa ndivyo kilivyoandikwa kibao kilicho mbele yangu. Mwenyekiti huuliza kama Tanzania ana la kusema, nami nasema.

Jana mchana nikaingia mkahawa mmoja kwenye vichochoro vya mji wa kale. Mama mwenye mkahawa, mtu wa makamo, akanimiminia kahawa, akanitazama usoni, akauliza kwa upole, "Kaka?"

Zuhura, moyo ulinishtuka. Nikamjibu, "Naam, dada." Akatabasamu, akaenda, akarudi na biskuti kwenye kisahani.

Nilipomsimulia Mbaraka, Mtanga mwenzetu anayesomea uuguzi hapa, alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe kwa Kiswidi kaka ni biskuti.

Leo nimerudi palepale, na ndipo ninapokuandikia. Njaa sina, na biskuti zenyewe ni kavu, haziliki mpaka uzichovye. Nimekaa tu dirishani, nangoja kuitwa.

Mungu akutunze, mdogo wangu. Siku nikifika, usikimbilie jikoni. Pilau ingoje. Niite kwanza.

Kaka yako