Padri Aliyepanda Akamwani

Bukoba, Ijumaa

Shikamoo Bibi,

Huku mjini mvua inanyesha kila asubuhi, na samaki ni watamu.

Maktabani nimesoma kitabu cha padri wa enzi za ukoloni kuhusu mila zetu sisi Wahaya. Kila nyumba ilimkaribisha kwa akamwani, kahawa ya kutafuna, naye akaenda kuipanda bustanini kwake. Haikuota. Basi akaandika kwamba sisi ni wachoyo, tunampa mgeni mbegu zilizokufa. Miaka yote aliyokaa kwetu, hakumwuliza hata mama mmoja kama kahawa hiyo imechemshwa.

Insha yetu ya mashindano inahusu kukaribisha wageni, na mshindi ataisoma yake redioni. Mwalimu anataka tunukuu kitabu hicho.

"Bibi yako si chanzo, binti," aliniambia.

Nikampa akamwani uliyonifungia. Akatafuna mbili, akaomba nyingine.

"Hii kaichemsha nani?"

"Chanzo changu, mwalimu."

Alicheka, ila hakusema ndiyo. Mimi nimeliandika jina lako mwishoni mwa insha, juu ya la padri.

Mungu akutunze, Bibi. Ukilisikia redioni, usishtuke.

Mjukuu wako,
Koku