Pombe ya Pichi na Ulimi wa Seikichi

Jumatatu, 20 Novemba

Seikichi kamwaga mchuzi tena. Sufuria nzima! Mchuzi wa samaki mkavu, mzuri kabisa. Nilimwambia ni mzuri. Akasema mimi hata maji ya moto nitayasifu.

Tangu ile homa ya Septemba, ulimi wake haumwambii kitu. Chumvi, sukari, siki, vyote kwake ni karatasi. Mgahawa wetu tumeufunga. Wateja wanachungulia kiooni, wanaona viti vimepandishwa mezani, wanakwenda zao. Daktari anasema ladha huenda ikarudi. Huenda!

Jumanne, 21 Novemba

Nobue wa saluni ya jirani kaja na chupa. Pombe tamu ya pichi. Kapewa na mteja, naye hapendi vitamu. Eti nimpe mume wangu Seikichi achangamke. Nilicheka. Mwanamume wa huku Kochi, anayekunywa sake ya mchele kwa bakuli, nimpe maji ya pichi?

"Basi kunywa wewe, dada," akasema. "Unajiona lakini? Una sura ya mfiwa."

Nikaipokea chupa.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu. Sina pa kwenda, nikajaribu kokteli.

Ya kwanza: pichi na juisi ya machungwa. Tamu mpaka jino likauma. Nikaongeza maziwa ili kuipooza — ikakatika, mabonge matupu! Sinki limekunywa hiyo. Ya pili: pichi, barafu nyingi, soda isiyo na sukari. Hapo sasa! Nikajikuta naimba.

Seikichi akapita nyuma yangu. "Kumbe tumefungua kiwanda cha dawa ya kikohozi?"

Utani! Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikageuka nicheke naye. Ndipo akaniambia: dalali anakuja Jumatatu kuuona mgahawa. Kampigia bila kunishirikisha.

Nikamwambia nitaonja mimi, yeye apike. Kwani shida iko wapi?

"Siwezi kupika kwa ulimi wa mtu mwingine, Mama Tomoe."

Kasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 24 Novemba

Hatujasemezana. Nimefua mapazia ya mgahawa. Sijui namfulia nani.

Jumapili, 26 Novemba

Naandika upesi, nisamehewe mwandiko.

Mchana Nobue kaleta ndimu za yuzu za shambani kwa kaka yake. Nikakamua moja kwenye pombe ya pichi, nikakwangua na ganda juu yake. Glasi mbili. Moja nikaisukuma mbele ya Seikichi.

"Kinywaji cha wasichana hiki."

"Basi leo tuwe wasichana."

Akanywa. Akanywa tena, akakunja uso.

"Umekwangua mpaka ile nyeupe."

"Nyeupe gani?"

"Ya ganda! Miaka yote hii na mimi, hujui kwamba ile nyeupe ni chungu?"

Tukatazamana.

"Chungu?" nikauliza.

Akaishika glasi kwa mikono miwili. Akanywa taratibu, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. "Pichi siipati. Utamu hakuna. Lakini uchungu upo... huku nyuma. Huku!" Akatoa ulimi anionyeshe. Mtu mzima na mvi zake!

Sijawahi kukosolewa nikafurahi hivi. Machozi yakanitoka, nikasingizia barafu. Hakuamini, lakini aliniachia.

Tukajaribu kila kitu. Kahawa — chungu, kidogo. Sukari — hakuna. Sosi ya soya — akafumba macho, akasema labda. Labda! Nikamuuliza, na dalali wa kesho? Akatazama dirishani. "Sijui," akasema. "Uchungu mtupu hauwezi kupika mchuzi."

Kisha akashuka jikoni mgahawani, peke yake. Nilidhani amekwenda kukaa gizani kama siku zote. La. Nasikia maji. Nasikia jiko limewashwa. Harufu ya samaki mkavu inapanda ngazi, nami nimekaa hapa na kalamu, naogopa hata kukohoa.

Kijiko kimegonga sufuria. Anaonja, bila shaka.

Kifuniko kimerudishwa. Sasa ananiita.

"Mama Tomoe! Shuka. Uje na kijiko chako."