Faida Inayovaliwa Wamaza

Kasongo, tarehe 11 Machi 1956

Mpendwa mdogo wangu Gérard,

Pokea salamu zetu sote. Je, kikohozi cha mkeo Odile kimepoa? Sisi tu wazima. Mvua ni nyingi, na barabara ya Kabambare imekatika mara mbili tangu Krismasi, lakini mpunga umesimama vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo aibu imenifanya niliahirishe. Mwezi wa kwanza nilikuandikia kwamba kampuni yetu ya ukoo imepata faida ya faranga elfu arobaini na moja, na kwamba fungu lako, elfu tisa, litakufikia Albertville kabla ya Pasaka kwa mahari ya mwanao François. Kwa neno langu ukawapa wakwe siku. Gérard, fedha hizo hazipo.

Jumapili iliyopita ndugu walikuja kwangu kugawana. Nilisimama, nikawasomea hesabu kwa sauti kubwa, kisha nikafungua sanduku la chuma. Ndani yake mlikuwa na elfu tatu tu. Nilimtazama Asani, muuza duka wetu, kwa jicho baya mbele ya watu. Hakuiba hata senti, nami nimekwisha kumwomba radhi.

Dada yetu Léontine akauliza, "Yaya, wewe mkubwa wetu, faida iko wapi?"

Nikamjibu kwamba vitenge tumewauzia watu wa Wamaza, nao watalipa wakiuza pamba yao.

"Kumbe faida iko inavaliwa! Basi niende kuvua watu mu njia?"

Wote walicheka, hata mke wangu. Mimi niliyezoea kukurudishia barua zako zikiwa na masahihisho nilisahihishwa mbele ya wote.

Baadaye nilikaa peke yangu nikapiga hesabu upya. Nilianza na faida ile ya elfu arobaini na moja. Nikarudisha elfu kumi nilizokuwa nimezitoa kwa sababu lori linazeeka, kwani kuzeeka kwa lori hakutoi fedha sandukuni. Ikawa elfu hamsini na moja. Nikaondoa elfu ishirini na nane za vitenge vilivyokopeshwa, kwa kuwa niliziandika kama mauzo kabla hatujazishika. Nikaondoa na elfu ishirini tulizolipa kwa injini mpya ya lori hilo, ambayo nilikuwa nimeigawanya kwa miaka ijayo ingawa fedha yake ilitoka yote siku moja. Zikabaki zile elfu tatu. Hizo ndizo fedha zilizo huru, nasi tungeweza kugawana hizo tu. Nilikuahidi faida, nikasahau kuuliza kama imefika nyumbani.

Ndugu wamekubali elfu tatu zote zije kwako. Nimeongeza elfu moja na mia tano za baiskeli yangu, ambayo nimemwuzia Abdallah wa Nyangwe. Zilizobaki zitafuata baada ya soko la pamba. Siku sitaji, maana nimeshataja moja ya uongo.

Wasalimu Odile, François na mama mkwe Régina. Mungu awafunike kwa neema yake.

Nina ombi moja. Usiwaambie wakwe kwamba wewe ndiwe uliyekosa. Wasomee barua hii yote, na jina langu ulitamke wazi, ili wajue kwamba mwongo ni mimi.

Nakupenda, ingawa naona haya,
Kaka yako Marcellin