Glavu za Kukhu

Nekesa,

Nimeenda kazi Thika. Uji wa kukhu uko kwa thamosi, mpe saa nne, kisha umbadilishe nguo. Glavu nimezitoa kwa sanduku lako. Hizo nilimnunulia kukhu, nyanya yako mwenyewe, si wazee wa Malawi.

Asubuhi nilikuomba umwoshe, ukasema harufu inakushinda, ukarudi kulala. Na wiki ijayo unapanda ndege kwenda kujitolea kuosha wazee wa watu. ~~Hiyo safari sahau.~~ Enda tu. Pasipoti iko juu ya kabati, pale nilikuwa nimeificha.

Jumapili ulimlisha vijiko viwili, ukapigwa picha ya kuwatumia hao wenye safari, ukaweka bakuli chini. Leo ameniuliza yule msichana mpole wa uji atarudi lini. Mjibu wewe.

Mama