Mama, Kazi Yangu Ni Kama Sufuria za Chama

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka Kawangware, kwenye chumba ambacho hukuwahi kukikanyaga, chenye dirisha linalotazama ua wa mwenye ploti na kamba zake za nguo. Natumaini unapumzika huko uliko. Ila nikikumbuka ulivyokuwa, nina shaka. Lazima umeshaona kitu ambacho hakijapangwa vizuri na umeshaanza kukipanga.

Nina habari. Jumapili iliyopita nilieleza kazi yangu mbele ya wanawake wa chama chako, na wakaelewa. Ndiyo, hao hao. Mimi na wewe tulijaribu mara nyingi tukashindwa. Unakumbuka pale kwetu Kianda, ndani ya Kibera, umekaa mlangoni ukikata sukuma wiki, unaniuliza kama vile hujawahi kuuliza?

"Nekesa, hebu niambie tena. Huko kazini unafanya nini?"

"Ni cloud computing, Mama. Tunatumia kompyuta za watu wengine kupitia intaneti."

"Za watu wengine." Ukasimamisha kisu. "Na wanajua?"

Nilicheka mpaka nikalia, wewe hukucheka hata kidogo. Ulitaka kujua kama mwanao ataletewa polisi. Baadaye ukaamua kuwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya ofisi, basi. Nilikasirika kidogo wakati huo. Siku hizi naona ulikuwa na haki, kwa sababu mtu akishindwa kueleza kazi yake kwa mama yake, labda hata yeye hajaielewa vizuri.

Mfano ulikuwa ndani ya nyumba muda wote. Nasema zile sufuria kubwa za chama, ambazo mtoto angeweza kuoga ndani. Wewe na wenzako wa laini yetu ya vyumba, wengi mkiwa mmetoka magharibi na hamna ndugu karibu, mlizinunua pamoja kabla sijaanza shule. Hakuna aliyeweza kusema hii ni yangu. Mtu akifiwa, akibatiza mtoto, akipata wageni wa posa, alituma neno kwako na sufuria zikafika, nyingine kichwani, nyingine kwa mkokoteni. Akimaliza alizisugua kwa majivu mpaka zing'are, akazirudisha. Aliyeibonyeza moja aliipeleka kwa fundi. Kati ya shughuli na shughuli zililala kwenye nyumba za wanachama. Moja ililala kwetu, imepinduliwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma, ikawa meza. Hesabu zangu zote za shule ya msingi nilizifanyia juu ya ile sufuria.

Basi Mama, kazi yangu ndiyo hiyo. Kuna majumba yaliyojaa kompyuta. Duka, shule, hata msichana anayemtumia nyanya yake picha ya mtoto, hawana haja ya kununua kompyuta kubwa ya kwao. Wanaomba nguvu wanayohitaji kupitia mtandao na kuipata papo hapo. Wakihitaji zaidi wanaongezewa, wakimaliza wanaachia na mwingine anachukua. Kila mmoja anahesabiwa alichotumia tu. Hawaulizi ni kompyuta ipi, kama vile mfiwa hakuuliza sufuria ni ya nani. Aliuliza kama itatosha ugali wa waombolezaji. Mpango huo tunauita wingu, lakini hilo ni jina tu. Kompyuta zenyewe ziko chini sakafuni, zinanguruma na kutoa joto kama jiko la mkahawa.

Nilieleza haya yote kwa sababu chama chako kilikuwa kinakufa.

Nisikufiche. Ulipotuacha, wanawake walianza kusema mali igawanywe. Wengine wamehamia zile ghorofa mpya za Soweto East, huko huko Kibera, vyumba safi, lakini hakuna mahali pa kuweka sufuria ya ukubwa ule. Wengine wanaona ni rahisi kukodi vyombo. Na Mama Akoth, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa mbele kabisa. Sababu yake unaijua.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya sherehe ya Akoth kumaliza chuo. Sufuria zote zilikuwa zimetoka, nyingine kwenye matanga, nyingine kwenye ubatizo. Ilibaki ile ya kwetu. Mama Akoth alikuja asubuhi na tabasamu, akitegemea jibu moja tu, kwa sababu nani angemnyima rafiki yake? Ukamnyima.

"Hii haitoki," ulimwambia. "Mtu akifa leo, tutapikia nini?"

"Nani amekufa? Mama Nekesa, nani amekufa?"

"Bado."

Wewe na mdomo wako! Alipika wali kwa sufuria nne ndogo za kuazima, ukaungua, wageni wakala jioni. Wiki hiyo hakufa mtu. Sufuria ilikaa pale na kitambaa chake, na kila aliyepita mlangoni aliiona. Na wewe, kwa kiburi au kwa aibu, sijui, hukwenda kwenye sherehe. Ulibaki ndani ukikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Tangu siku hiyo mlisalimiana kama watu wa makanisa tofauti. Alikuja kwenye matanga yako, akapika mwanzo hadi mwisho, lakini habari ile hakuigusa.

Kwa desturi yenu, kiti cha marehemu hukaliwa na binti yake akikubali. Nilikubali, nikaitwa kwenye mkutano wa kugawana. Tulikutana kwa Mama Akoth mwenyewe, chai na mandazi, sufuria zimepangwa nje kwenye koridoo kama zinasubiri hukumu. Brenda, mke wa kijana wa Mama Nafula, ndiye aliyeanza.

"Mimi naona tugawane tu, kila mtu abebe yake. Hii story ya kuazimana inaleta noma."

"Mimi naunga mkono," Mama Akoth akasema. "Chama gani unanyimwa kitu na unakiona na macho?"

Niliogopa, Mama. Nimewahi kuzungumza mbele ya mabosi wa kampuni bila kutetemeka, lakini hawa walinifunga nepi.

"Naweza kusema?" nikauliza.

"Sema," Mama Akoth akajibu. "Lakini usituletee kizungu."

Nikawauliza: tukigawana, kila mtu atahitaji sufuria ngapi siku ya shughuli yake? Wakasema mbili, tatu. Sasa kila nyumba ikinunua za kwake, zitajaa Kianda nzima na zitakaa bure karibu mwaka mzima. Sisi tunatosheka na chache kwa sababu shughuli zetu haziji siku moja. Huyu anafiwa leo, yule anaoza binti mwezi ujao. Huwezi kujua zamu ni ya nani, lakini jumla ya wote unaweza kuikadiria vizuri. Hesabu ya uwezekano inasema hivi: wanachama wakiongezeka mara nne, matumizi ya kawaida yanaongezeka mara nne, lakini akiba ya kujikinga na siku mbaya inatosha ikiongezeka mara mbili tu. Kadiri tunavyokuwa wengi, ndivyo kila mmoja anavyobeba mzigo mdogo wa wasiwasi. Makampuni makubwa ya kompyuta yanaishi kwa hesabu hiyo.

"Sawa," Mama Akoth akasema. "Na ile iliyofungiwa ndani?"

Nilijua itafika hapo. Nikawaelekeza kwenye bomba la maji, pale ambapo kila mmoja wetu amewahi kupanga mtungi wake kwenye foleni. Watu hawaji kwa ratiba, wanakuja tu wanapoishiwa, na huyu ana mitungi mingi kuliko yule. Bomba likiwa na kazi nusu ya muda, kwa wastani utamkuta mtu mmoja pale. Likiwa na kazi sehemu tisa kati ya kumi, utawakuta tisa. Likikaribia kufanya kazi muda wote, sehemu tisini na tisa kati ya mia, foleni inafika watu tisini na tisa. Bomba ni lile lile. Foleni haipandi polepole, inaruka. Kwa hiyo ukiona kitu cha watu wengi kinatumika chote bila kubaki hata kidogo, usifurahi, maana anayefuata atateseka. Kompyuta zetu pia tunaacha nyingine zikae bure makusudi, na wakubwa wanaosimamia matumizi hununa vile vile.

Mama Nafula akasema, "Hiyo ya bomba ni ukweli mtupu."

Lakini sikukutetea kwa kila kitu, usinielewe vibaya. Niliwaambia pia ulipokosea. Hesabu hii yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba shida zetu zisije pamoja. Na sisi tulikuwa tunazileta pamoja. Wote tunapata pesa mwisho wa mwezi, kwa hiyo sherehe zetu zote zinaangukia Jumamosi ile ile. Na sufuria zote zilikuwa zinalala laini moja. Tuseme nyumba moja ina hatari moja kati ya kumi ya kuungua. Nyumba mbili zilizo mbali, kuungua zote ni moja kati ya mia. Lakini zikigusana ukuta kwa ukuta, moto ni mmoja, na ile mia inarudi karibu na kumi. Ulitunza akiba, ila uliiweka mahali pamoja na hatari.

Ndipo nikawaeleza kuhusu Mama Wanjiru, mwenye ploti ninapopanga. Babu yake alilima hapa Kawangware kabla ya vyumba hivi kujengwa, na yeye pia ana chama na wenzake, sufuria zao za mukimo, viazi vya kuponda, zimejaa stoo. Shughuli zao huwa katikati ya mwezi, kodi ikishaingia. Nilikuwa nimeshaongea naye. Vyama viwili vikiungana, siku zetu nzito si siku zao, na moto wa Kibera hauvuki hadi Kawangware. Sufuria moja ya akiba inaweza kutulinda sote, na nyingine zikatoka bila mtu kunyimwa.

"Na hao Wakikuyu watakubali tupikie dagaa wetu wa omena ndani ya sufuria zao?" Brenda akauliza. Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia Mama Wanjiru ana swali moja tu, kama tunajua kusugua.

Walipiga kura ya chama kubaki, kwa mikono. Nilitazama chini nisione. Nilipoinua macho, mikono ilikuwa mingi, na wa Mama Akoth ulikuwa bado kwenye paja lake. Kisha akauinua, taratibu, kama unamuuma.

Chama kimebaki, Mama. Nilitaka kukuambia hilo kabla ya lingine lolote, lakini unajua mimi huanzia mbali. Nina furaha, na sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilirudi Kawangware nikitabasamu njia nzima kama mtu aliyeokota kitu.

Watu walipotoka, nilibaki kumsaidia Mama Akoth kuosha vikombe. Hakunitazama.

"Mama yako angeniambia hivyo ulivyosema, ya bomba," akasema, "ningekasirika siku moja, nikamaliza."

"Hakujua kuieleza. Alijua tu anaogopa siku ambayo mtu atafiwa na kukosa sufuria."

"Ungekuwa ni woga, angesema." Akasuuza kikombe ambacho kilikuwa safi. "Na sufuria haikuniuma hivyo. Wali ungeungua hata kwa hiyo sufuria. Kilichoniuma ni kuwa hakuja. Nilimwekea sahani, Nekesa. Nikaifunika mpaka usiku."

Nilimwambia kwamba siku ile ulikaa nyumbani ukikunja nguo zilizokunjwa, na kila kelele za sherehe zilipopanda ulisimama, ukafika mlangoni, ukarudi. Alikuwa hajui. Alikaa kwenye kigoda, akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akaanza kucheka kwa machozi, akikuita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kijana wake wa mwisho anamaliza chuo mwezi ujao. Sufuria zitatoka Kawangware. Mama Akoth ameniambia nikae naye meza ya ndani, mahali pako, pa mama mkubwa wa watoto wake, na nisithubutu kuchelewa.

Nitakwenda, Mama. Nitakula sahani yangu, halafu nitakula na yako.

Lala salama, wewe uliyenilea kati ya sufuria.

Ni mimi, kifungua mimba wako na mwenye kiti chako,
Nekesa